Nani Amlipe Muuza Mahamri?

Kisa chenyewe ni cha kutunga, ila yeyote aliyewahi kushinda kwenye korido za mahakama ya Mombasa siku za kesi za ajali atakitambua. Saa kumi alfajiri, mama mmoja wa Bamburi anamwamsha mwanawe wa miaka 16 ampeleke shangazi Mwembe Tayari akapande basi la Nairobi. Bwana wa nyumba yuko safarini. Gari liko uani, ufunguo uko kwenye ndoano kando ya friji. Kijana hana leseni, na hawezi kuwa nayo, kwani sheria ya Kenya inataka mtu atimize miaka 18 kabla ya kushika usukani wa gari. Lakini kuendesha anajua, na nyumbani wanajua kwamba anajua.

Anamfikisha shangazi salama. Kurudi, badala ya kushika barabara ya Malindi moja kwa moja hadi kwao, anaingia Kisauni kumchukua rafiki yake waende ufukweni. Saa kumi na moja na nusu, kwenye kona, gari linamshinda. Linapanda ukingo na kumbana mama muuza mahamri aliyekuwa ameinamia karai lake. Mguu wa kulia unavunjika pahali pawili chini ya goti, na mafuta ya moto yanamuunguza mkono.

Hafi. Nalisema hilo makusudi. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ilihesabu watu 4,748 waliokufa katika barabara za Kenya mwaka 2024, na idadi hiyo ndiyo inayosomwa kwenye taarifa za habari. Anayebaki hai na vyuma mguuni hamo ndani yake, na shauri lake ndilo huwa refu zaidi.

Basi nimewaketisha pamoja watu watano: binti wa mama aliyegongwa, baba mwenye gari, ajenti wa bima, wakili, na maalim wa mtaani. Kijana mwenyewe atasema mwishoni, maana katika mabishano ya namna hii yeye hujadiliwa na watu wote na huulizwa na wachache.

BINTI: Mimi sheria siijui. Najua mamangu aliamka saa nane usiku kukanda unga, na kabla jua halijatoka alikuwa juu ya machela. Siku ya pili, mguu haujatiwa hata chuma, wakaja wodini watu wawili wa ukoo wa kijana. Wameleta bahasha ya shilingi 50,000 na karatasi. Wakasema mama atie kidole tu, hizi ni za dawa. Nikaisoma. Imeandikwa kwamba amepokea malipo kamili na ya mwisho, na hatadai tena kitu chochote kwa mtu yeyote.

WAKILI: Ulifanya la maana kuisoma, dada. Pole ipokelewe ikiletwa kama pole. Karatasi kama hiyo isitiwe kidole wodini, mtu yuko kwenye dawa za maumivu na daktari hajasema kama mguu utashika. Kuitengua baadaye kunawezekana, lakini wewe ndiye utakayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba mama hakujua alichokubali.

MAALIM: Niruhusuni niitetee sulhu, isije ikahukumiwa kwa bahasha hiyo. Dini yetu ina dia. Anayeua kwa bahati mbaya haachwi na toba peke yake. Mali inatoka, na haitoki kwake tu. Ukoo wa upande wa babake, aqila, unachangia, na mafakihi wamewapa miaka mitatu ya kuikamilisha. Na majeraha nayo yana fidia yake. Hekima yake ni kwamba aliyeumizwa hangojei mkosaji awe tajiri, na ukoo uliomlea kijana unabeba sehemu ya alichofanya. Lakini kiasi cha dia hakipangwi na upande ulioumiza, tena kwa haraka, kabla mgonjwa hajajua ugonjwa wake.

WAKILI: Nakubali kila neno, maalim, isipokuwa kwamba hapa kwetu dia haina wa kuilazimisha. Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, kwa Waislamu wanaokubali kwenda kwake. Mguu uliovunjwa na gari unakwenda kwa hakimu wa kawaida.

Kwa hakimu, swali la uzembe wa kijana halitachukua muda. Mtoto kwa kawaida hupimwa kwa kipimo cha mtoto wa umri wake, lakini barabarani huruma hiyo hukoma. Tangu kesi ya Nettleship na Weston ya mwaka 1971 kule Uingereza, mwanafunzi wa udereva hupimwa kwa kipimo kilekile cha dereva aliyekomaa. Naona ni sawa kabisa. Anayetembea kando ya barabara hana njia ya kujua anayekuja ana umri gani, na gari lina uzito uleule. Mzozo wenyewe uko kwingine: kijana hana shilingi. Nani atalipa?

BABA: Nampa pole mama huyo, na nitakwenda kumwona. Lakini mimi nilikuwa Nairobi. Sikumtuma, sikumpa ufunguo, sikujua gari limetoka. Kosa la mtoto linakuwaje deni langu?

WAKILI: Kwa kuwa wewe ni babake tu, halijawa deni lako, mzee. Hapo sheria yetu iko nawe. Ungekuwa Lubumbashi, Kongo, mambo yangekuwa mengine. Kule, kifungu cha 260 cha kitabu cha tatu cha sheria yao ya madai kinasema mzazi anawajibika kwa madhara ya mtoto wake mdogo anayeishi naye, mpaka athibitishe kwamba hangeweza kumzuia. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi. Tangu uamuzi wa mahakama yao ya juu wa mwaka 1997, hata uthibitishe ulimlea vizuri namna gani, hakukuokoi. Sisi tulirithi njia ya Kiingereza, ambayo haimgusi mzazi kwa uzazi wake. Inamtafuta kwa gari lake.

Na hapa ndipo sheria inapokuwa nyembamba kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1969, katika kesi ya Karisa na Solanki, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kwamba gari likisababisha madhara kwa uzembe, mahakama itachukulia kwamba aliyekuwa akiliendesha ni mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa ajili yake, mpaka mwenye gari alete ushahidi wa kinyume. Dhana hiyo imewasaidia majeruhi wengi wasiojua chochote zaidi ya nambari ya usajili. Lakini ni dhana inayovunjika. Na kinachoivunja ni kesi nyingine ya Kiingereza, Morgans na Launchbury, ambayo mahakama zetu huifuata.

Bibi mmoja alikuwa na gari. Mumewe alilitumia kwenda kazini, na alikuwa amemwahidi mkewe kwamba akilewa atamwachia mtu mwingine aendeshe. Usiku mmoja alilewa, akamwachia rafiki. Badala ya kwenda nyumbani wakaelekea upande mwingine kutafuta chakula, ajali ikatokea. Abiria waliojeruhiwa wakamshtaki yule bibi. Mahakama ya Rufaa, kwa wingi wa majaji, ilimwona anawajibika, na Jaji Denning akatoa hoja kwamba mwenye gari la familia ndiye mwenye bima, na ndiye anayefaa kubeba. Mwaka 1972 mabwana wa House of Lords waliikataa hoja hiyo. Kuruhusu peke yake hakutoshi, walisema. Lazima dereva awe anafanya kazi ya mwenye gari, kazi aliyomkabidhi.

Sasa rudi Kisauni. Kijana alipokuwa akimpeleka shangazi Mwembe Tayari, alikuwa ametumwa. Angemgonga mtu Buxton wakati wa kwenda, mlango wa kudai ungekuwa wazi. Alipoacha barabara ya Malindi akaingia Kisauni kwa ajili ya rafiki yake, wakili wa baba atasimama na kusema hapo alikuwa kwenye starehe zake. Mguu ni uleule, mafuta ni yaleyale, ila haki ya kulipwa imeamuliwa na kona aliyokata kijana dakika kumi kabla. Sioni namna ya kumweleza mama yule jambo hilo akalikubali, na siamini kwamba anapaswa kulikubali.

BINTI: Kwa hiyo tukapime ramani ndiyo tujue kama mama atatibiwa?

WAKILI: La, dada, iko njia nyingine, nayo ndiyo ningeishika mimi. Tusimdai mzee kwa kosa la mwanawe. Tumdai kwa kosa lake mwenyewe. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Trafiki kinamkataza mwenye gari, au yeyote aliye na gari mikononi mwake, kumwachia asiye na leseni aliendeshe. Anayemkabidhi gari mtu anayemjua kuwa hakufuzu amefanya uzembe tangu pale ufunguo ulipotoka. Hapo haijalishi kijana alikuwa njia gani.

BABA: Nimeshasema sikumkabidhi.

WAKILI: Mkeo alimkabidhi. Wewe ukiwa safarini, gari lilikuwa mikononi mwake, na yeye ndiye aliyemwamsha.

BABA: Bwana wakili, usimtie mke wangu mahakamani. Alikuwa anamsaidia dadangu asikose basi.

MAALIM: Hilo linaumiza, na ni kweli. Nia yake ilikuwa njema. Lakini mwanangu, aliyeumia hakuumizwa na nia.

Katika kesi za bodaboda ugumu huu wa kujua dereva alikuwa kwenye kazi ya nani ni mdogo. Kijana wa miaka 16 anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni anaendesha kwa faida ya tajiri, na tajiri hawezi kusema pikipiki ilikuwa kwenye matembezi. Gari la familia ndilo lenye maficho.

AJENTI WA BIMA: Mnazungumza kana kwamba bima haipo. Ipo. Gari lile lina bima ya mtu wa tatu, na stika iko kwenye kioo. Ila soma hati. Imeandikwa dereva awe na leseni halali. Kampuni haikuuza bima ya mtoto wa shule.

WAKILI: Naijua hati. Na naijua Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, ambayo inasema masharti fulani hayana nguvu mbele ya mtu wa tatu. Umri wa dereva umo. Hali ya gari imo, idadi ya abiria imo, hata saa na mahali gari linapotumika. Kampuni ikiweka sharti la umri, itamlipa majeruhi kwanza, kisha imdai mteja wake.

AJENTI WA BIMA: Umri, ndiyo. Leseni haimo kwenye orodha hiyo. Nawe unajua.

WAKILI: Najua.

Pale ndipo penye tundu, na napenda msomaji alitazame kwa karibu. Kijana wa miaka 16 hana leseni kwa kuwa ana miaka 16. Kampuni haiwezi kumkataa kwa sharti la umri, lakini inaweza kujaribu kumkataa kwa sharti la leseni, ambalo kwake yeye ni umri uleule ulioandikwa kwa wino mwingine. Waingereza, ambao orodha hiyo ilitoka kwao, waliliona tatizo hilo katika sheria yao wenyewe na wakaliziba. Kwao, kwa mtu wa tatu, sharti la leseni halimzuii tena majeruhi kulipwa. Sisi tumebaki na orodha ya kale. Isitoshe, tangu mwaka 1946 wao wana mfuko wa kampuni zote za bima, Motor Insurers' Bureau, unaowalipa waliogongwa na gari lisilo na bima au na dereva aliyetoroka. Kenya haina mfuko wa namna hiyo.

AJENTI WA BIMA: Na nani ataulipia mfuko huo? Mwenye matatu? Mwenye tuktuk anayelipa bima ya mwezi kwa mwezi kwa tabu? Mimi niko dirishani, naona madai ya uongo yanavyoletwa. Mtu hakuwepo kwenye ajali, ana P3, fomu ya polisi ya majeraha. Kuna madalali wanaozunguka wodini na vituo vya polisi kununua majeruhi. Mkilegeza kila sharti, bei ya bima inapanda, na bei ikipanda magari mengi zaidi yanakimbia barabarani bila bima kabisa. Mwisho wake anayeumia ni huyuhuyu muuza mahamri.

Hoja ya ajenti ni nzito na siipuuzi, hasa juu ya madalali. Lakini naona amefunga mambo mawili kwa kamba moja. Madai ya uongo yanapigwa vita kwa kuyachunguza. Kumnyima majeruhi wa kweli kwa sababu dereva hakuwa na leseni hakumkamati tapeli hata mmoja. Tena kampuni inayolipa kwanza haipotezi haki yake ya kumgeukia mteja. Kati ya kampuni yenye mawakili wake na mama aliye kitandani, ni nani mwenye uwezo wa kumfuatilia baba mwenye gari mwaka mzima mahakamani? Mimi nasema kampuni ilipe, kisha ikagombane na mteja wake. Yeye ndiye aliyesaini hati. Mama hakusaini chochote.

WAKILI: Na mzee asidhani tundu hilo linamfaa yeye. Katika kesi ya Monk na Warbey, mahakama ya Uingereza ilimkuta mwenye gari aliyemwazima mtu asiyekuwa na bima, na ikaamua mwenye gari amlipe majeruhi kutoka mfukoni mwake, kwa kuwa kuruhusu gari litumike bila bima ni kuvunja sheria iliyowekwa kumlinda yuleyule aliyeumia. Kifungu cha 4 cha Sura yetu ya 405 kina katazo lilelile. Kwa hiyo kampuni ikifanikiwa kusema kijana hakuwa kwenye bima, imemwambia hakimu kwamba nyumba hii iliruhusu gari lisilo na bima kwenda barabarani. Hapo ninachokamata ni shamba, nyumba, akaunti.

BABA: Basi afadhali kampuni ilipe.

WAKILI: Ndiyo, mzee. Na iko mipaka. Tangu marekebisho ya mwaka 2006, kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Ikizidi hapo, kilichobaki ni chenu.

BINTI: Milioni 3 zitatoka wapi? Mamangu anauza mahamri. Hana daftari, hana cheti, hana akaunti. Watasema hana kipato.

WAKILI: Watajaribu. Lakini Mahakama ya Rufaa ililijibu hilo mwaka 2005, katika kesi ya Maruja na Obayo. Ilisema nyaraka si njia pekee ya kuthibitisha kazi ya mtu na anachopata, maana Wakenya wengi wanaishi kwa kazi halali bila kuweka rekodi. Tutaleta anayemuuzia unga. Tutaleta wateja wake wa kila asubuhi. Tuseme, kwa mfano tu, hakimu akubali faida ya shilingi 15,000 kwa mwezi, na aone kazi ile ya kusimama motoni angeifanya miaka minane zaidi. Hiyo peke yake ni 1,440,000. Kuna maumivu na mateso, ambayo hakimu huyakadiria kwa kutazama kesi za majeraha yanayofanana. Kuna upasuaji wa kutoa vyuma. Gharama za matibabu ndizo zinazotaka ushahidi mkali: kila shilingi itajwe kwenye hati ya madai, na kila shilingi iwe na risiti.

BINTI: Ninazo. Nimezitia kwenye mkebe wa biskuti. Ila zile za duka la dawa wino umeanza kufifia. Ya mwanzoni sasa haisomeki, imebaki karatasi nyeupe.

WAKILI: Zipige kopi leo, dada, leo hii. Ile iliyofifia rudi dukani wakuchapishie nyingine na wapige muhuri. Na abstrakti ya polisi, hakikisha jina la kampuni ya bima na nambari ya hati vimeandikwa, kwa sababu nisipoipa kampuni notisi kwa wakati kifungu cha 10 cha Sura ya 405 hakitanisaidia, hata nikishinda kesi.

Nimeona kesi za watu wenye haki kamili zikidhoofika kwa mambo haya madogo, na nachukia kwamba uzito wa kuyajua umewekwa juu ya mtu anayelala sakafuni mwa wodi akimtunza mamake. Sheria inampa miaka mitatu ya kufungua madai. Miaka mitatu inaonekana mingi mpaka uhesabu mmoja wa hospitali, na mwingine wa kungoja ahadi za ukoo wa kijana.

Sasa kijana.

KIJANA: Nilipokuwa na miaka 13 baba alinikalisha usukanini kwenye uwanja wa kanisa. Alinirekodi. Ile video aliiweka kwenye status yake, akaandika "dereva wangu". Wajomba wote walisifu. Nikiwa na 15 nilikuwa natumwa gesi, natumwa mkate, nampeleka Mama sokoni. Hakuna aliyeniambia siwezi. Siku ile nilikuwa na usingizi. Sikusema, kwa sababu dereva hasemi ana usingizi.

BABA: Video hiyo ilikuwa mchezo wa nyumbani.

WAKILI: Mzee wangu, video hiyo ni ushahidi. Umesema hukujua, hukumruhusu. Hapo kuna miaka mitatu ya kuruhusu, kwa sauti yako mwenyewe.

MAALIM: Na kijana je? Atafungwa?

WAKILI: Jela haendi. Sheria ya watoto inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, na kesi yake ya trafiki itasikilizwa kama ya mtoto. Lakini fidia ni jambo jingine. Anashtakiwa kupitia msimamizi wa shauri, kwa kuwa hajatimiza 18, na hukumu ikitoka inabeba jina lake. Hukumu ya mahakama inaweza kudaiwa ndani ya miaka 12. Akiwa na 20 akapata kazi, ipo. Akiwa na 27 ana mke na mtoto, bado ipo.

KIJANA: Nitalipa.

BINTI: Sitaki ulipe ukiwa na 27. Mama anatakiwa kutolewa vyuma mwakani.

Kwa hilo binti ana haki kuliko sisi sote. Kumwandikia kijana deni la miaka 12 na kumwacha baba aondoke ni kumlipa majeruhi kwa ahadi, na ni kumtwika mtoto mzigo wa kosa lililofanywa na wakubwa tangu siku ile ya uwanja wa kanisa. Alipe sehemu yake, naam, kwa kadiri atakavyoweza, na asikie kutoka kinywani mwa mama yule mguu unavyouma usiku. Lakini waliompa ufunguo walipe sasa, na kampuni iliyopokea pesa za bima itangulie kulipa kuliko wote. Bunge nalo liongeze leseni kwenye ile orodha ya masharti yasiyo na nguvu. Ni marekebisho ya mstari mmoja.

WAKILI: Hati ya madai nitaiandika hivi. Mdaiwa wa kwanza, baba, kama mwenye gari. Wa pili, mama, kama aliyekuwa na gari mikononi. Wa tatu, kijana, kupitia msimamizi wake. Kampuni ya bima haiwi mdaiwa, inapata notisi. Nitahitaji abstrakti, P3 iliyojazwa na daktari, nakala ya usajili wa gari kutoka NTSA, na majina ya mashahidi wawili waliokuwa wakinunua mahamri asubuhi ile.

BINTI: Mmoja nimeshampata. Ni mwenye tuktuk. Alikuwa anangoja mahamri yake yatoke kwenye mafuta.